Programu inakula CPU yote: kuipunguza maana yake nini hasa?

Swali hili halikauki popote wanapokutana watu wa kompyuta: programu yangu inakula CPU asilimia mia, naipunguzaje? Mmoja atakwambia weka priority iwe Low, mwingine anasema toa tiki kwenye kori mbili, wa tatu anakuja na cpulimit, na hakosekani wa kusema hivyo ni virusi piga Windows upya. Wote wanajibu kwa uhakika kabisa, kana kwamba wanatatua tatizo moja, kumbe kila jibu linafanya kitu chake, na mtu akichukua lisilo lake anaishia na mashine nzito kuliko mwanzo. Hili linaniuma kwa sababu wengi wanaouliza hivi ni watu wa kazi, mtu ana laptopu moja, anarenda video ya harusi ya mteja na papo hapo anatakiwa aandike invoisi, hana mashine ya pili ya kukimbilia.

Tuanzie chini kabisa. CPU ndo prosesa, ile chipu inayofanya mahesabu yote. Ndani yake kuna kori, siku hizi nne, sita, nane na kuendelea, na tuchukulie kwa wepesi kwamba kori moja inashughulikia kazi moja kwa wakati mmoja. Sasa ukihesabu na zile programu za chini chini ambazo hukuzifungua wewe, mashine ina prosesi mamia, zinatoshaje kwenye kori nne? Zinapeana zamu. Mfumo endeshi, iwe Windows, Linux au macOS, unaipa hii milisekunde kadhaa, unaitoa, unaingiza nyingine, haraka kiasi kwamba wewe unaona zote zinatembea pamoja. Na si teknolojia ya juzi, mwaka 1961 pale MIT Marekani Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo ulioitwa CTSS ambapo watu kadhaa walitumia kompyuta moja kwa wakati mmoja kwa kugawiwa muda wake vipande vipande, na mpaka leo simu yako inaishi kwa wazo hilo hilo.

Hapa kuna jambo dogo ambalo likikaa vizuri kichwani mengine yote yanakuwa mepesi. Kori haina nusu nguvu ya kukupa, yaani katika nukta yoyote ya muda ama inafanya kazi ya programu yako ama haifanyi. Ukisoma kwamba programu inatumia asilimia 50 ya kori, maana yake katika kipande fulani cha muda imeshika kori nusu ya kipande hicho na nusu nyingine haikuishika, basi. Kwa hiyo kupunguza matumizi ya CPU ni habari ya muda: nani akae kwenye kori, lini, na kwa urefu gani.

Chukua jiko la gesi la pleti nne. Pleti ndo kori, sufuria ndo programu, mpishi ndo mfumo endeshi, na sufuria ziko nyingi kuliko pleti. Kuna namna nne za kuibana sufuria ya maharage isihodhi jiko, na ni hizo nne watu wanazozichanganya.

Namna ya kwanza ni kuiambia ipishe. Maharage yakae jikoni muda wowote pleti ikiwa wazi, ila ikija sufuria ya chai ya mgeni na pleti zimejaa, maharage yanasogea pembeni. Chai ikishachemka maharage yanarudi. Hii kwenye Linux na Mac inaitwa nice, na kwenye Windows ndo ile priority ya kwenye Task Manager, unaenda Details, unabofya kulia jina la programu, unachagua Set priority, halafu Below normal au Low. Kwenye Linux namba za nice zinaanzia -20 mpaka 19, kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo programu inavyokuwa na adabu zaidi kwa wenzake, na mtumiaji wa kawaida anaruhusiwa kuipandisha namba tu, kuishusha mpaka uwe root, yaani msimamizi mkuu wa mashine. Programu inayoanza unaandika nice -n 19 halafu amri yako, iliyokwisha kuanza unatumia renice -n 19 -p na namba ya prosesi.

Na adabu hiyo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Programu yenye nice 19 ikigombania kori moja na programu ya kawaida yenye nice 0, inapata kama asilimia moja na nusu tu ya muda, nyingine yote inakwenda kwa mwenzake. Lakini, na hapa ndo malalamiko yanapotokea, kama hakuna anayegombania basi hiyo hiyo ya nice 19 itachukua asilimia mia. Mtu anaweka Low, anaangalia Task Manager, anaona bado 100, anasema haifanyi kazi hii. Inafanya kazi vizuri tu, jiko lilikuwa tupu ndo maana maharage yapo juu ya moto, kwani ulitaka gesi ikae bure wakati kazi ipo? Kipimo cha priority siyo ile asilimia, kipimo ni je ukifungua brauza na kuandika invoisi mashine inakuitikia haraka, na kama inaitikia basi tatizo lako limeisha.

Kuna mtego mmoja kwenye Linux za mezani unaowasumbua hata wazoefu. Tangu kerneli (kiini cha Linux) 2.6.38 ya mwaka 2011 kuna kitu kinaitwa autogroup, kinachokusanya prosesi za kila terminali, lile dirisha la kuandikia amri, kuwa kundi moja na kugawa muda kwa makundi kwanza. Kwa hiyo ukiweka nice 19 kwenye terminali hii ukategemea isishindane na kazi iliyo kwenye terminali ile, unaweza usione tofauti yoyote, kwa sababu nice inapima adabu ndani ya kundi lake tu. Cheki faili la /proc/sys/kernel/sched_autogroup_enabled, likiwa na 1 ujue ndo hiyo.

Namna ya pili ni kuweka dari, na hii ni habari nyingine kabisa. Hapa mpishi anaambiwa maharage yakae motoni dakika tano katika kila dakika kumi, zikiisha yateremshwe hata kama pleti zote nne zipo wazi na hakuna mwingine anayepika. Ndo watu wengi wanachokifikiria wanaposema limiti. Na ukiangalia vizuri utaona gharama yake: gesi ipo, jiko lipo, kazi ipo, ila tumekubaliana kuchelewa. Kwa hiyo kabla hujaweka dari jiulize unachelewesha ili upate nini. Sababu nzuri zipo, laptopu inaungua mapajani, betri, seva ya kugawana na wateja wengine, au unataka programu iende mwendo ule ule kila siku usipandepande. Kama sababu yako ni kwamba mashine inakuwa nzito ukifanya kazi nyingine, basi ulikuwa unahitaji ya kwanza na siyo hii.

Dari inawekwaje? Njia ya mtaani ni cpulimit, mfano cpulimit -l 50 -p 1234, yaani prosesi namba 1234 isizidi asilimia 50 ya kori moja. Inachofanya ni rahisi sana, inaiangalia programu, ikizidi inaitumia ishara ya SIGSTOP ambayo inaigandisha, baada ya muda mfupi inatuma SIGCONT inaendelea, ganda endelea ganda endelea mara nyingi kwa sekunde. Kwa kurenda video haina shida. Kwa programu inayopokea simu, inayopiga muziki au inayojibu wateja utaisikia inakatakata, na kama programu yako inazaa prosesi nyingine ndani yake, cpulimit usipoiambia ihusishe na watoto, mzazi anabanwa watoto wanakula kama kawaida.

Njia ya kiungwana zaidi kwenye Linux ni cgroups, yaani kuziweka prosesi kwenye makundi na kila kundi likapewa mgao wake, kazi iliyoanzishwa na mainjinia wa Google mwaka 2006 na ikaingia kwenye kerneli 2.6.24 mwanzoni mwa 2008, ingawa dari yenyewe ya CPU ilikuja baadaye, kwenye kerneli 3.2 ya 2012. Hapo mpishi mwenyewe ndo anayeshika saa, siyo mtu wa pembeni anayepiga kelele ganda ganda. Kama programu inaendeshwa na systemd, ile inayowasha na kusimamia huduma za Linux, unaandika sudo systemctl set-property nginx.service CPUQuota=50% imekwisha, na hata kama inatembea tayari inabanwa hapo hapo bila kuizima. Ukiwa na Docker, inayoendesha programu ndani ya kontena, yaani kila moja imefungiwa peke yake na vitu vyake, ni docker update --cpus=0.5 na jina la kontena. Windows nayo inao uwezo huu kuanzia Windows 8 kupitia kitu kinachoitwa Job Objects, ila haikuweka kitufe chake kwenye Task Manager, ndo maana ukitafuta utapekua menyu zote na hutakiona.

Namna ya tatu ni kuifungia programu kwenye kori fulani. Maharage, wewe pleti yako ni ile ya nyuma kushoto, zingine usiguse. Kwenye Windows ni Set affinity, kwenye Linux ni taskset. Inasaidia, lakini angalia inavyofanya, kwenye ile pleti yake itakula asilimia mia kama kawaida, na kama mpishi ameweka chai pleti hiyo hiyo watagombana wakati pleti zingine zipo tupu. Mimi naiona ni ya mwisho kuijaribu kwa mtu wa kawaida. Kama lengo ni kuacha kori mbili huru, programu nyingi zina mpangilio wake wenyewe wa thredi, yaani kazi ngapi ifanye sambamba, ffmpeg ya video ina -threads, make ya kujenga programu ina -j, na ukiiambia programu yenyewe ijipangie watu wawili badala ya wanane ni safi zaidi kuliko kuwaacha wanane wabanane kwenye kori mbili.

Namna ya nne watu wengi hawajaisikia: kuweka jumla. Siyo kasi, jumla. Amri ulimit -t 60 inasema kila programu itakayoanzishwa kutoka kwenye terminali hii ina sekunde 60 za CPU kwa maisha yake yote, zikiisha inauawa. Na ni sekunde za kukaa motoni, siyo za saa ya ukutani, kwa hiyo programu inayosubiri intaneti siku nzima inaweza isifikishe hata tano. Hii ni nzuri kwa mwalimu anayeendesha kodi za wanafunzi, maana kuna atakayeandika lupu isiyokwisha tu, lakini ukiitumia kwenye kurenda video itakufia katikati na utalaumu ffmpeg bure.

Sasa haya ya asilimia. Mtu anaona top kwenye Linux imeandika 380% anashtuka anadhani mashine imeharibika. Hapana, top inahesabu kori moja kuwa 100, mashine ya kori nne ina mpaka 400. Task Manager ya Windows inahesabu kori zote pamoja kuwa 100. Kwa hiyo programu inayokamata kori moja nzima kwenye mashine ya kori nne, Linux itasema 100% na Windows itasema 25%, kitu kile kile. Ndo maana maelekezo ya mtu wa Linux ukiyapeleka Windows namba hazikutani, na ndo maana cpulimit -l 50 kwenye mashine ya kori nane ni kubana kweli kweli, ni moja ya kumi na sita ya mashine nzima.

Kuna imani kwamba CPU ikikaa asilimia mia inakufa. Prosesa imetengenezwa ifanye kazi, na ina kinga yake ya joto, nyingi za Intel za laptopu zina mpaka unaokaribia nyuzi 100, zikifika huko zinapunguza kasi zenyewe na zikizidi mashine inajizima. Joto la muda mrefu siyo zuri kwa betri na kwa feni, hilo ni kweli, lakini cha kwanza kutibu ni vumbi na ile pesti ya kupitisha joto ya prosesa iliyokauka, mpelekee fundi aifungue aisafishe. Na kama ni joto tu unalolikimbia kwenye Windows, ipo njia isiyogusa programu yoyote: kwenye mipangilio ya juu ya Power Options weka Maximum processor state iwe 99%, kwenye laptopu nyingi hiyo inazima turbo, ile kasi ya ziada ya prosesa, kasi inashuka kiasi na joto linashuka sana.

Watu wa Mac wana yao. Wanafungua Activity Monitor wanaona kernel_task inakula CPU kwa mamia ya asilimia, wanatafuta namna ya kuiua. Apple wenyewe wameeleza kwamba kazi mojawapo ya kernel_task ni kudhibiti joto, inashika CPU ili programu nzito zisiipate. Yaani unayemwona mlafi ndo askari. Ondoa kilicholeta joto, ama ni programu nzito ama ni jua la dirishani, itashuka yenyewe.

Na antivirasi ya Windows, Defender, inayolaumiwa kila siku, ina dari tayari ambayo kiwandani imewekwa 50. Unaweza kuishusha kwa PowerShell, Set-MpPreference -ScanAvgCPULoadFactor 20, ila elewa hiyo ni wastani wa kulenga wakati wa skani, siyo ukuta, na skani iliyopangwa kufanyika mashine ikiwa imetulia inaruhusiwa kuupita.

Kabla ya kubana chochote angalia kama tatizo ni CPU kweli. Laptopu nyingi za zamani zinazozunguka kwetu zina hadidiski ya kuzunguka, ukifungua Task Manager unakuta CPU 15 lakini Disk 100, hapo ubane programu mpaka kesho haitasaidia kitu, weka SSD. RAM vilevile, sufuria ikiteremshwa jikoni bado inachukua nafasi mezani, programu iliyogandishwa na cpulimit haijaachia RAM hata kidogo. Na kwa umeme, usifikiri kila dari inaokoa betri, mara nyingi prosesa ikimaliza kazi haraka inalala usingizi mzito na inatumia kidogo kuliko ukiiweka macho nusu nusu kwa saa nzima. Virusi navyo vipo, vinavyochimba sarafu za kidijitali kwa CPU yako, ila vingine vimejiwekea dari vyenyewe ili usistuke, kwa hiyo asilimia mia peke yake siyo ushahidi na asilimia thelathini peke yake siyo usalama.

Onyo moja la Windows: kwenye ile orodha ya priority kuna Realtime. Usiiguse. Programu nzito ukiipa Realtime inaweza kuwapita hata wanaoshughulikia mausi na kibodi, unaona mshale umeganda na huwezi hata kuizima.

Nihamie kwenye seva, kwa sababu huko dari unawekewa na mwingine bila kuulizwa. Mwenye tovuti kwenye hosti ya kugawana anaona 508 Resource Limit Is Reached anaambiwa umemaliza CPU. Kwenye CloudLinux, ambayo wenye hosti wengi wanaitumia, ukigonga dari ya CPU tovuti inapunguzwa mwendo tu, haikatwi. Inayoleta 508 ni idadi ya maombi yanayoshughulikiwa kwa wakati mmoja. Ila yanahusiana, CPU ikibanwa kila ombi linachukua muda mrefu, maombi yanarundikana, idadi inajaa, 508. Kwa hiyo unaweza kulipia kifurushi kikubwa, au ukatafuta ile plagini ya WordPress inayofanya kila ukurasa uchukue sekunde tatu za CPU, na mara nyingi ukiongeza kashi tu, yaani kurasa zihifadhiwe zikiwa tayari, kelele zinaisha.

AWS, huduma ya Amazon ya kukodisha seva, nao wana mtindo wao kwenye zile mashine ndogo. t2.micro inaruhusiwa asilimia 10 ya kori moja kwa wastani, inakusanya krediti 6 kwa saa, na krediti moja ni dakika moja ya kori nzima. Usiku ukilala inaweka akiba, mchana wateja wakija inatumia akiba inakwenda kasi kamili, krediti zikiisha inarudi kwenye asilimia 10 na wewe unadhani seva imevamiwa. Mtu anajaribu programu yake nusu saa anaona inaruka, anaiachia hewani, baada ya masaa inaanza kutambaa. Haijaharibika, imemaliza akiba.

Lakini linalowatesa zaidi watu wa kontena ni hesabu ifuatayo, isome taratibu. Dari ya cgroups inapimwa kwa vipande vya milisekunde 100. Ukiipa kontena nusu kori, maana yake ni milisekunde 50 katika kila 100, kwa jumla ya thredi zake zote. Sasa programu yako ina thredi nne na seva ina kori nne zilizo wazi, zote nne zinaruka motoni kwa pamoja, kila moja inatumia milisekunde 12.5, jumla 50, mgao umeisha. Milisekunde 87.5 zilizobaki programu nzima imeteremshwa inasubiri, kori zipo tupu, mteja yuko kwenye simu anaangalia duara linazunguka. Ukiangalia grafu ya wastani inakwambia kontena inatumia nusu kori au chini ya hapo, kila kitu kijani, na mteja anaendelea kulalamika. Na programu inapoanza inaweza kuhesabu kori za seva nzima badala ya za mgao wake, ikajifungulia thredi kwa idadi hiyo, kwa upande wa lugha za programu Java ilirekebisha hili kwenye toleo la 10 mwaka 2018, Go imekuja kulirekebisha kwenye 1.25 mwaka 2025, kwa hiyo kama unaendesha toleo lisilo na marekebisho hayo kwenye seva ya kori 32 na umeipa mgao wa kori moja, fanya hesabu mwenyewe inaganda baada ya milisekunde ngapi.

Ushahidi wake upo na ni wa bure. Ndani ya kontena fungua /sys/fs/cgroup/cpu.stat, tafuta mstari wa nr_throttled, huo unahesabu vipande vingapi programu imeteremshwa kwa sababu ya dari, na chini yake throttled_usec inakupa muda wote iliosubiri. Soma, ngoja dakika moja wakati wateja wapo, soma tena. Namba ikiwa imesimama, uchelewaji wako unatoka kwingine, nenda kaangalie databesi. Ikiwa inapanda, usikimbilie kununua seva, punguza kwanza thredi zilingane na mgao, kwenye Go ni GOMAXPROCS, halafu pima tena, na ikiwa bado inapanda hapo sasa ongeza mgao.